Cha juu juu ya cha juu: ubao wa skeitibodi unavyotoka na 100 ukafika na 595

Dogo kaingia dukani na ubao uliokatika vipande viwili, umekatika pale pale kwenye bolti za mbele, kaomba mwingine wa saizi ile ile, katajiwa bei. Hakubisha. Katoa simu, kapekua dakika mbili, kamgeuzia muuzaji kioo: ubao mtupu usio na picha, bei ya kiwandani, kama moja ya sita ya ile aliyotajiwa. "Kaka, hii na hiyo yako tofauti nini? Si mbao ni ile ile?" Muuzaji akacheka kile kicheko cha mtu aliyeshaulizwa hilo swali mara mia, akasema dogo hata nikikupunguzia siwezi kufika huko. Dogo akaondoka anajua kaibiwa, muuzaji akabaki anajua kaonewa.

Mi nimekaa na hiki kisa nikakipigia hesabu mwanzo mpaka mwisho, maana kila mtu ana jibu la haraka (duka lina tamaa, kodi, brandi zinauza jina) na kila jibu lina ukweli kidogo af halitoshi. Niseme mapema, kisa nimekijenga mwenyewe kutokana na jinsi biashara hii inavyokwenda, sio cha duka fulani, na namba za bei ni za mfano: bei ya kiwandani nimeiita 100, zingine zote zinapimwa kwa hiyo 100. Usihangaike kuzigeuza ziwe hela ya kwenu. Ngazi zenyewe ndo halisi, na ukibadilisha asilimia kidogo huku na kule hadithi haibadiliki.

Tuanze na ubao wenyewe. Ubao wa kawaida ni vinia 7, yaani tabaka nyembamba za mbao, za mti wa mepo, ule mgumu wa Kanada na kaskazini mashariki ya Marekani, ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kule kuna baridi, mti unakua taratibu, nyuzi zinashikana, ndo maana unavumilia kupigwa chini siku nzima. Vinia zinapakwa gundi, nyingi zinapangwa nyuzi zikienda kwa urefu na chache zinakatiza, zinaingia kwenye prasi (mashine ya kukandamiza) yenye mbonyeo, zinakaa humo mpaka gundi ishike, zikitoka zinaachwa zipumzike kwanza af ndo zinatobolewa matundu 8, zinachongwa umbo, zinapigwa msasa, zinapakwa rangi, zinabandikwa picha kwa joto. Kwa kiwanda chenye uzoefu hiyo ni kazi ya kila siku, hamna maajabu. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba brandi nyingi hazina kiwanda. Zamani mbao nyingi zilikuwa zinatengenezwa California, halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea kazi kubwa ikahamia Meksiko na China, kwa hiyo unakuta viwanda kama PS Stix ya Paul Schmitt au BBS ya Meksiko vimekandamizia mbao brandi kibao zinazogombea wateja wale wale. Mbao mbili ambazo washabiki wake wanatukanana zinaweza kuwa zimelala kwenye prasi moja wiki moja. Na zile zinazotengenezwa China kwa mepo ya Kanada, vinia imeshavuka bahari kabla haijawa ubao, ikiuzwa Amerika inavuka tena kurudi kwao.

Haya, ubao uko mlangoni kwa kiwanda, 100. Brandi inaununua, inalipia kuusafirisha mpaka ghala lake na ushuru wa kwao, tuseme 15. Imefika 115. Hapo brandi inaweka cha juu, 60%, inamuuzia msambazaji wa nchi nyingine kwa 184. Hiyo 69 iliyoongezeka sio ya mfukoni yote, humo kuna mchoraji, kuna video, kuna kuwasafirisha vijana wa timu, kuna mbao za bure za hao vijana, na kuna mgao wa mskeita ambaye jina lake liko chini ya ubao, ambao mara nyingi hutajwa kuwa kama dola 1 au 2 kwa kila ubao. Ndio, yule jamaa unayemfuatilia kila siku, ambaye ndo sababu umechagua ubao wake badala ya wa jirani yake, ndo mwenye fungu dogo kuliko karibu wote kwenye hiki kisa.

Msambazaji analipa 184, analipia meli na bima 16, inakuwa 200. Forodha nayo inasubiri hapo. Nchi nyingi zinatoza ushuru kwa thamani ya mzigo ukiwa umefika, maana yake bei ya kununulia ukijumlisha usafiri na bima, sio bei ya mzigo peke yake. So kwa ushuru wa 10% hatozwi 18 na pointi, anatozwa 20, yaani anatozwa ushuru hata kwenye nauli ya meli. Imekuwa 220. Wakala wa kutoa mzigo, tozo za bandari, lori, ghala, 10. Jumla 230. Yeye naye anaweka cha juu 35%, inakuwa 310.

Duka linanunua kwa 310, kuletewa 10, limefikisha 320. Linaweka 55%, inakuwa 496. Juu yake VAT, tufanye 20%, inakuwa 595.

Hiyo ndo bei dogo aliyotajiwa.

Ukiipasua hiyo 595 ukaangalia nani kachukua nini, duka lina 176, VAT 99, msambazaji 80, brandi 69, ushuru wa msambazaji 20, usafiri na vijigharama vyote vya njiani vikijumlishwa 51, na kiwanda, mwenye prasi na gundi na vinia na watu waliosimama kwenye vumbi la msasa, 100 yake ile ile, ambayo nayo sio faida, humo kuna mti na umeme na mishahara. Kwa macho tu duka ndo lenye fungu kubwa, na ndo lina sura ya kutukanwa, maana kiwanda hukioni na msambazaji humjui hata jina. Ila subiri nitarudi kwenye hiyo 176.

Sasa hapa ndo nataka tukae. Watu wakiona 100 imekuwa 595 wanajumlisha: huyu kaongeza hivi, yule vile. Lakini hizi ngazi hazijumlishi, zinazidisha. Kila mmoja anaweka asilimia yake juu ya kila kitu kilichomkuta, pamoja na cha juu cha aliyemtangulia, pamoja na nauli, pamoja na ushuru. Kwa hiyo gharama inayoingia mwanzoni inazaa njia nzima, ile inayoingia mwishoni inazaa kidogo tu. Chukua 10 moja uizungushe uone. Kiwanda kikipandisha 10, brandi inaipiga 60% inakuwa 16, ushuru unaifanya 17.6, msambazaji 23 na ushee, duka 36 na ushee, VAT inaifikisha 44. Kumi imekuwa arobaini na nne na hamna mtu aliyefanya kitu kibaya, kila mtu kabonyeza kikokotoo vile vile anavyobonyezaga siku zote. Hiyo hiyo 10 ikiingilia kwenye nauli ya meli ya msambazaji, kabla ya ushuru, inatoka dukani ikiwa 28 hivi. Ikiingilia kwenye gari la kuleta dukani, inakuwa 19. Kumi ni ile ile, uzito tofauti, kutegemea imepandia kituo gani.

Wachumi wanalijua hili muda mrefu, Joseph Spengler aliliandika mwaka 1950, kwamba wauzaji wawili waliopangana kwenye mnyororo kila mmoja akiweka cha juu chake mwenyewe, bei ya mwisho inapanda kuliko ambavyo ingepanda kama wangekuwa mtu mmoja, na ajabu ni kwamba hata faida yao wote wawili ikijumlishwa inakuwa ndogo. Mteja analia, wao wenyewe wanapungukiwa. Kwenye skeitibodi wako watatu, sio wawili.

Na hii kuzidisha inafanya kitu kibaya zaidi ya bei, inakula ubora. Fikiria uko brandi, fundi wa kiwanda anakwambia nikitumia gundi bora na vinia nilizochagua vizuri ubao utadumu zaidi, ongeza 6 tu. Sita sio kitu. Ila wewe unajua hiyo 6 ikifika dukani ni 26 na ushee, na dukani ubao wako unaning'inia ukutani pamoja na mingine 30 ambayo mteja hawezi kuiona gundi yake, anaona picha na bei. Utaongeza? Wengi hawaongezi. Na kinyume chake ndo utamu wenyewe: ukipunguza 6 kiwandani bei inashuka 26 dukani, kila mtu anakusifu, mpaka siku mkia unaanza kubanduka tabaka. Ukiendelea hivyo hivyo kushuka unafika kwenye zile bodi za duka la midoli, traki (vile vishikilia magurudumu vya chini ya ubao) za plastiki, magurudumu magumu ya plastiki yasiyo urethani (ile inayonesa kama mpira) hata kidogo, mbao laini, anapewa mtoto wa miaka 8, anasukuma mara mbili bodi inakataa kwenda, anaamini yeye ndo hajui. Muuzaji mkubwa wa hizo bodi za midoli kanunua kontena zima moja kwa moja kiwandani, karuka ngazi mbili, lakini alichookoa hakukirudisha kwenye bodi.

Nilikuwa nimeacha ile 176 ya duka. Kwanza cha juu cha 55% sio faida ya 55%, watu wanachanganya sana hapa hata wenye maduka wenyewe: 176 kwenye mauzo ya 496 ni kama 35%. Na hiyo ni faida ghafi, bado pango, bado umeme, mshahara wa yule kijana anayekufungia bodi na kukukazia traki, makato ya kadi, na kwenye maduka mengi ukinunua ubao unawekewa gripu bure, ile karatasi ya msasa ya juu, na anayeikata pembeni kwa wembe kwa dakika 10 ni mtu anayelipwa. Halafu mbao zina tabia moja mbaya, zinapitwa na wakati kama nguo. Picha zinabadilika kila msimu, mskeita anahama brandi, jina lake linabaki ukutani kwako na hakuna anayelitaka. Mzigo ukidoda unashusha bei. Shusha 20% uone: 595 inakuwa 476, toa VAT inabaki 397 hivi, toa 320 uliyonunulia, umebaki na 77. Yaani mteja kapata punguzo la moja ya tano, wewe umepoteza zaidi ya nusu ya faida ghafi. Ndo maana dogo alivyoonyesha ile bei ya kiwandani jibu lilikuwa kicheko. Maduka mengi ya skeitibodi yanaishi kwa viatu na fulana, ubao upo ili uingie ndani, na anayevunja ubao ndo mteja anayerudi mara nyingi.

Msambazaji naye asionekane kama kupe. Kazi yake kubwa ni kulaza pesa. Kalipa kiwanda au brandi leo, mzigo unafika baada ya miezi, unakaa ghalani, maduka anayapa kwa mali kauli ya siku 30 au 60, na wengine wakichelewa hana la kuwafanya kwa sababu akiwabana wanafunga na deni lake linazikwa nao. 35% yake inalipa huo usingizi wa pesa. Sisemi inalipa kwa haki kila mara, kuna wasambazaji wenye brandi peke yao nchi nzima, hao wanaweka wanachotaka na hamna wa kuwauliza, hapo kweli ni kupe.

Mwaka 2021 ulionyesha hii hesabu wazi kuliko mwaka wowote. Korona ilifungia watu, watu wakatafuta mchezo wa kucheza peke yao nje, skeitibodi zikaisha madukani, af Julai mchezo ukaingia Olimpiki ya Tokyo kwa mara ya kwanza, Yuto Horigome na Momiji Nishiya aliyekuwa na miaka 13 wakachukua dhahabu, hamu ikapanda tena. Wakati huo huo meli hazipatikani, makontena yamekwama sehemu zisizo zake, Machi meli ya Ever Given ikaziba mfereji wa Suez siku 6, na kufika Septemba wastani wa nauli ya kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za dunia ulipita dola 10,000 wakati kabla ya korona ilikuwa chini ya dola 2,000. Rudisha hilo kwenye ubao wetu. Nauli ya msambazaji ilikuwa 16, izidishe mara 4 tu uwe mpole, 64. Imeongezeka 48. Ushuru unaikuta, msambazaji anaikuta, duka linaikuta, VAT inaikuta, ubao unafika ukutani ukiwa 728 au 729. Nauli imepanda 48, bei imepanda 133. Ile 85 ya katikati hamna meli iliyoibeba, ni asilimia tu zilizokuwa zimekaa zinasubiri kitu cha kukalia.

Na nauli iliposhuka bei hazikushuka kwa kasi ile ile. Watu walisema tamaa, na kweli ipo, ila pia ghala lilikuwa limejaa mzigo ulionunuliwa kwa nauli ya dola 10,000, nani atauuza kwa bei ya nauli ya 2,000? Waliagiza nyingi wakati watu wanagombania, zikafika wakati hamu imeisha.

Sio kila kifaa kinakwenda hivi. Beringi ni kisa kingine kabisa na mi nadhani ndo sehemu inayochekesha kuliko zote. Beringi ya skeitibodi inaitwa 608, ni kipimo cha viwandani cha kawaida, tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7, ile ile iko kwenye mota ndogo na mashine za kila aina, haikubuniwa kwa ajili ya mtu kuruka ngazi. Nane zinaenea kwenye kiganja. Nauli yake ukiigawa hata haionekani, ushuru mdogo kwa sababu bei ya kununulia ni ndogo, so usafiri hauwezi kusingiziwa chochote hapa. Na bado seti moja ndani ya kikopo cha bati chenye fuvu la kichwa inaweza kuuzwa mara kadhaa ya seti ya kawaida ya duka la vipuri. Wanakuandikia ABEC 7, ABEC 9, kana kwamba ni gia. ABEC inapima usahihi wa vipimo, basi, haikwambii chuma ni cha aina gani, haikwambii mafuta ni gani, na haikutungwa kwa kitu kinachotua kwa ubavu na kula vumbi la barabarani. Kuna beringi za skeitibodi ambazo kweli zimefikiriwa, kizuizi kinatoka ukaosha, vishikilia mipira ni imara, sikatai. Lakini kama unataka kuona cha juu kikiwa uchi, bila meli wala bandari ya kujifichia, angalia beringi. Traki na magurudumu viko katikati, traki ni alumini ya kumimina kwenye molda na molda ina gharama yake, magurudumu ni urethani na kuna siri za mchanganyiko ambazo zina thamani ya kweli kweli, sitakaa hapo.

Turudi kwa dogo maana hakuishia kuondoka.

Aliwakusanya wenzake, wakafika 60, wakasema tunaruka hawa wote, tunaagiza wenyewe mbao tupu kiwandani. Kiwanda kikajibu vizuri tu, ila oda ndogo kabisa ni mbao 100, na kwa oda ndogo hivyo bei sio 100, ni 120. Nauli mpaka bandarini wakaambiwa 30 kwa ubao. Wakapiga 150 mara 100, 15,000, kila mtu atoe 250, zitakazobaki 40 tutauza turudishe hela. Kwa karatasi iko safi, hata mi ningetoa.

Sasa nauli. Mbao 100 zina kilo 130 hivi, zikipangwa kwenye maboksi zinalaliana vizuri kwa sababu ya mbonyeo, hazifikishi hata nusu mita ya ujazo. Lakini mzigo mdogo wa kuchanganya kwenye kontena la wengine mara nyingi unatozwa sio chini ya mita 1 ya ujazo hata kama wako ni nusu. Walilipia hewa. Mwenzao mmoja akasema basi kila mtu atumiwe wake kwa ndege, kwa kampuni za vifurushi, wakaangalia, huko nako wanapima boksi kabla ya kilo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, namba ikizidi kilo halisi unalipa hiyo. Ubao mmoja kwenye boksi la 84 kwa 23 kwa 6 una kilo 1.3 mzani, kwenye karatasi unakuwa 2.3. Wakarudi kwenye meli kimya kimya, nauli na bima na tozo za kuunganisha zikafika 45.

Ushuru 10% ya 165, yaani 16.5. Kutoa mzigo: wakala analipwa kwa faili, karatasi za mbao 100 na karatasi za mbao 10,000 ni zile zile, kwa hiyo kile ambacho kwa msambazaji kilikuwa sehemu ya ile 10 pamoja na lori na ghala, kwao kikawa 30 kwa ubao. VAT 20% juu ya 165 pamoja na ushuru, 36. Msambazaji hiyo VAT anairudishiwa akiuza, wao hawajasajiliwa, imekwenda moja kwa moja. Weka zote pamoja, 248 kwa ubao. Mara 100, 24,800. Walikuwa na 15,000. Kikaanza kile kikao cha "jamani kila mtu aongeze 163", na kila aliyewahi kuchangisha hela anajua hicho kikao kinavyokuwa.

Mzigo ukafika, miezi minne baadae. Kumi na mbili zimejipinda, ukiweka sakafuni zinachezacheza kama meza ya mguu mfupi. Kiwanda kikasema tuma picha, wakatuma, kikasema tutawapa punguzo oda ijayo. Zote zina upana wa inchi 8 maana hicho ndo kiwanda kilikuwa tayari kutengeneza kwa oda ile, na nusu ya wale 60 wanapanda 8.25 na 8.5. Wakagawana hivyo hivyo. 60 zikaondoka, 12 ni kuni, 28 zikabaki kwenye chumba cha dogo zimeegemea kabati.

Kila mmoja kalipa 413, kwa ubao mtupu wa saizi isiyo yake. Bado iko chini ya 595, lazima nikiri, na wangeuza zile 28 wangeokoa zaidi, kwa hiyo sio kwamba kuruka ngazi ni upuuzi. Ila kwenye 413 hamna mshahara wa dogo, ambaye alishinda siku tatu nzima kwa wakala, hamna pango la chumba, na hamna faida ya mtu yeyote. Zile kazi za msambazaji hazikufutika, zilihamia kwake, akazifanya bure na akazifanya vibaya kwa sababu ni mara ya kwanza.

Akazipeleka zile 28 dukani kwa yule yule muuzaji. Muuzaji akazigeuza geuza, akaweka moja sakafuni akaikanyaga, akasema nakupa 200 kwa kila moja. Dogo akaruka, mia mbili! imenigharimu 413! Muuzaji akamwambia mi sijali imekugharimu ngapi, najali itauzwa ngapi, hazina picha, hazina jina, saizi moja, nikiziweka 370 na VAT ndani nabakiwa na 108 hivi, na sijui zitakaa miezi mingapi. Wakavutana. Mwisho wakakubaliana iwe mali kauli, zikae pale pembeni ya mlango, dogo apange bei mwenyewe, duka likate kidogo kila unaouzwa.

Dogo akaomba kalamu, akakaa chini na simu akipiga hesabu ya 413 na nauli ya daladala alizopanda kwenda kwa wakala, akaandika kwenye kikaratasi, akakibandika kwenye ubao wa kwanza: 450, bei haipungui.